Waliopigana Wakitazama Juu

Muulize mtoto yeyote wa Bukoba habari za Vita vya Kagera, atakutajia Daraja la Kyaka, Mutukula na Idi Amin. Kama nyumbani kwao kuna mzee aliyekuwa jeshini, ataongeza Jenerali Msuguri aliyewaongoza askari wetu na mwendo wa miguu hadi Kampala. Wapiga mizinga ya kutungulia ndege hatawataja. Mimi ni binti wa mmoja wao, na nafundisha historia sekondari hapa mjini. Hata vijana wangu wanaopata alama nzuri hawajui kama watu hao walikuwepo.

Sababu haifichiki. Askari wa miguu ana njia ya kusimulia: tulitoka hapa, tukavuka mto, tukaingia pale. Mtu wa mzinga wa ndege kazi yake ni kukaa. Anakaa kilimani na mvua yetu hii ya Kagera inamwishia mwilini, jua linazama, na hakuna ndege iliyopita. Tata, yaani baba yangu, anasema ukijumlisha muda wote aliofyatua risasi vita nzima, hautimii saa moja. Wageni wakisikia hivyo humgeukia mzee mwingine.

Lakini hebu mkae naye. Oktoba 1978 ndege za Uganda zilipiga mabomu Bukoba. Uharibifu haukuwa mkubwa, ila mshindo ulipasua vioo na watu wakakimbia mji. Mizinga yetu ilijibu, haikupata kitu. Kwa nini? Nilipomuuliza Tata, alitafuna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwanza, kisha akanipa hesabu. Ndege ya MiG ikija kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, inamaliza kilomita moja kwa sekunde 4. “Ukiilenga yenyewe, umepiga hewa. Lenga mahali ambapo haijafika.” Akachukua mpini wa jembe, akauweka begani kunionyesha kombora la begani, lile linalofuata joto la injini. Kombora hilo halikuwa la kuipiga ndege usoni. Unaiacha ikupite na mabomu yake, ikupe mgongo, ndipo unafyatua. Mzee wa miaka mingi hivyo, goti moja chini kwenye kibanja, mpini unafuata kunguru aliyekuwa anapita juu ya migomba! Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza subira ya namna ile.

Yapo pia ambayo wazee hawayasemi mpaka uyafikie taratibu. Novemba 1978, upande wa Musoma, askari wetu walitungua ndege zetu wenyewe wakidhani ni za adui. Nikigusa hapo Tata hujibu kwa ufupi tu, kwamba hakikuwa kikosi chao. Mimi naona hilo ndilo la kuandikwa mapema kuliko yote, maana medali hujitunza zenyewe sandukuni, aibu haina wa kuitunza. Kisa cha angani kinachosimuliwa kwa raha ni kile cha Machi 1979, ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, iliyokusudia Mwanza ikaishia kuua swala kisiwani Saanane.

Waliokufa wamepata heshima yao. Ukitoka Bukoba kuelekea Muleba unafika Kaboya, yalipo makaburi ya mashujaa, safu kwa safu. Julai 2013 Rais Kikwete aliongoza hapo Siku ya Mashujaa. Waliorudi hai kumbukumbu zao ziko chini ya vitanda: vyeti, picha zisizo na majina nyuma, barua zilizoliwa na mchwa. Kisha likaja tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Nyumba nyingi zilianguka, na mtu aliyekuwa anatafuta mabati na blanketi hakuwa na muda wa kufukua bahasha. Msuguri mwenyewe alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Wadogo zake waliokuwa na miaka 20 hivi vitani sasa wanakaribia 70 au wameivuka.

Kwa wenzangu wenye wazee wa aina hii nina machache niliyojifunza. Usianze na “nisimulie vita”, utapewa hotuba. Muulize nani alikaa kushoto kwake, nani alibeba risasi, walikula nini zamu ya usiku, ndege waliitambuaje kwa mlio kabla haijaonekana. Kaa upande wa sikio linalosikia, kwa sababu mizinga ile iliwaharibu masikio. Tata humkalii kushoto. Rekodi kwa simu, lakini andika siku hiyo hiyo jina la kila aliye kwenye picha. Na akisema “hilo acha, waitu”, liache, urudi mwezi mwingine.

Wiki iliyopita nilimkutanisha na mwenzake wa Kamachumu. Tata anashikilia kwamba ndege za siku ile Bukoba ilipopigwa mabomu ziliingia kutokea ziwani. Mwenzake anaapa zilitokea upande wa Kyaka, na kwamba Tata alikuwa amegeuka kuwasha sigara. Wamebishana mpaka chai ikapoa. Nimeziandika kauli zote mbili, kila moja na jina la mwenyewe, na ile ya sigara pia, ingawa Tata ameniambia niifute.