Ngumi za kichwani: Madhara hungoja bondia astaafu

Ukipita mitaa ya Eastlands, kuanzia Muthurwa na Kaloleni hadi Kariobangi, hutakosa kumpata bondia wa zamani. Mmoja ni mlinzi wa duka, mwingine hufundisha vijana jioni katika ukumbi wa jamii, na wa tatu hupita akiyumbayumba huku watoto wakimcheka kwa kudhani amekunywa chang'aa. Makala haya yanamhusu huyo wa tatu. Huenda hajaonja pombe siku hiyo. Huenda ni mgonjwa, na ugonjwa wake ulianza miaka 15 au 20 iliyopita, wakati alipokuwa akishangiliwa ulingoni.

Swali ambalo jamaa za wachezaji hawa huniuliza ni hili: Mbona mtu huyu aliacha ndondi akiwa mzima, na sasa anasahau hata jina la mtoto wake? Ili kulijibu, yafaa kwanza tueleze kinachotokea kichwani ngumi inapotua.

Ubongo unavyotikisika

Ubongo ni kiungo laini kinachoelea katika maji ndani ya fuvu gumu. Fikiria abiria ndani ya matatu inayokwenda kasi katika Barabara ya Jogoo. Dereva akifunga breki ghafla, gari husimama lakini abiria hurushwa mbele na kujigonga kwenye kiti. Ubongo nao hufanya vivyo hivyo. Kichwa kikisimama au kugeuka ghafla, ubongo huendelea na mwendo, hujigonga na kujipinda, na nyuzi nyembamba za neva huvutika. Ngumi ya taya inayotoka upande ni mbaya zaidi kwa sababu huuzungusha ubongo.

Kofia ya kujikinga hupunguza michubuko na kupasuka kwa ngozi. Haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Hatari ya papo hapo

Robert Wangila Napunyi alishinda nishani ya dhahabu ya uzani wa welta katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Baadaye aliingia ndondi za kulipwa nchini Marekani. Mnamo Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, refa alisimamisha pigano lake na David Gonzalez katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba bado alikuwa sawa. Muda mfupi baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia nguo, na Julai 24 akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kisa hicho chafaa kufundishwa katika kila ukumbi wa ndondi. Mshipa wa damu ukipasuka ndani ya fuvu, damu inaweza kuvuja polepole. Mchezaji husimama, huzungumza, hata hubishana na refa, ilhali shinikizo linapanda kichwani. Kwa hivyo mtu aliyepigwa sana kichwani asiachwe peke yake kwa saa 24. Mpeleke hospitalini mara moja ukiona lolote kati ya haya:

* maumivu ya kichwa yanayozidi;
* kutapika zaidi ya mara moja;
* usingizi mzito ambao ni vigumu kumwamsha;
* kuchanganyikiwa au kusema maneno yasiyoeleweka;
* mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili;
* mkono au mguu kulegea, au degedege.

Usimpe pombe, aspirini wala aibuprofeni, kwani dawa hizo mbili zinaweza kuzidisha kuvuja kwa damu. Panadol yatosha kwa maumivu madogo.

Hatari ya polepole

Madhara mengine huchelewa. Mnamo 1928 daktari Mmarekani Harrison Martland aliandika kuhusu mabondia waliotembea na kuongea kama walevi ingawa hawakuwa wamelewa. Mwaka 1969 daktari Mwingereza A. H. Roberts alichapisha matokeo ya uchunguzi wa mabondia wa zamani 224 waliokuwa wa kulipwa. Asilimia 17 walikuwa na dalili za ubongo ulioharibika. Waliocheza miaka mingi na mapigano mengi ndio walioathirika zaidi. Basi si kila bondia atakayeugua, lakini mmoja kati ya sita si idadi ya kupuuzwa.

Dalili huanza kidogokidogo. Mtu aliyekuwa mpole huwa mwepesi wa hasira, hushuku mke wake, hutumia pesa ovyo au hukata tamaa. Halafu kumbukumbu hufifia, ulimi huwa mzito, mikono hutetemeka na hatua hukosa mizani. Wapimaji wa maiti wakichunguza ubongo kama huo hukuta aina ya protini iitwayo tau imejikusanya mahali isipotakikana na kuua chembe za ubongo. Kwa sasa ugonjwa huu huthibitishwa baada ya kifo pekee. Mgonjwa akiwa hai, daktari huukisia kutokana na dalili na historia yake.

Wachezaji wa raga nao wamo hatarini. Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, ndiye aliyeugundua ugonjwa huu kwa Mike Webster, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani aliyefariki mwaka 2002. Nchini Uingereza, Bobbie Goulding, nyota wa zamani wa raga ya wachezaji 13 kila upande, alitangaza mwaka 2021 kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Alikuwa na umri wa miaka 49 tu. Katika michezo hii, si lazima mtu azirai ndipo aumie. Vishindo vidogo vya mazoezini, vikirudiwa maelfu ya mara, hujumlishwa.

Usiharakishe kukata tamaa

Hapa ndipo jamaa wengi hukosea. Wengine humwita mgonjwa mlevi, wengine husema amerogwa, na wengine husikia habari za ndondi wakasema hakuna dawa. Yapo maradhi yanayofanana na haya ambayo yanatibika. Damu iliyoganda taratibu juu ya ubongo, hasa kwa mtu anayekunywa pombe na kuanguka mara kwa mara, inaweza kuondolewa kwa upasuaji, na mgonjwa akarejewa na akili. Kaswende iliyofika kwenye ubongo hutibiwa kwa penisilini. Upungufu wa vitamini, hitilafu ya tezi ya shingoni, virusi vya HIV na huzuni kuu pia huharibu kumbukumbu, na kila kimoja kina matibabu yake.

Kwa sababu hiyo mgonjwa apimwe damu na, inapowezekana, apigwe picha ya ubongo. Anza katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Mweleze daktari waziwazi kwamba alikuwa bondia, alicheza miaka mingapi na aliangushwa mara ngapi. Habari hiyo ni muhimu kama kipimo chochote, na mara nyingi hakuna anayeitoa.

Ikiwa ni ugonjwa wa ngumi wenyewe, bado kuna la kufanya. Pombe ikomeshwe kabisa. Shinikizo la damu na kisukari vidhibitiwe. Zipo dawa za huzuni, usingizi na kutetemeka. Nyumbani, weka vitu mahali pamoja kila siku, andika ratiba ukutani, na usibishane naye anaposahau. Mtu mwingine wa familia asimamie pesa na M-Pesa yake. Akitaja kujiua, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo.

Kinga

Zamani mabondia wengi walichezea timu za waajiri kama Polisi, Magereza, Jeshi na Kenya Breweries, na mshahara haukukoma glavu zilipotundikwa. Bondia wa kulipwa anayejitegemea hana mshahara huo, hivyo hushawishika kupanda ulingoni akiwa bado na maumivu ya kichwa. Makocha ndio wanaoweza kumzuia.

Aliyepigwa akazirai au akachanganyikiwa asirejee pigano siku hiyo, na ushauri wangu ni kwamba asipigwe kichwani tena kabla ya wiki tatu kwisha na dalili zote kutoweka. Mapigano ya mazoezini yapunguzwe. Begi la mchanga lafundisha ngumi bila kuumiza ubongo wa mtu. Kila bondia awe na daftari lenye tarehe za mapigano na za kuangushwa. Na mchezaji anayeanza kuanguka kwa ngumi ambazo zamani hazikumtikisa ameshapewa ishara na mwili wake. Astaafu mwaka huo, asingoje pigano moja la mwisho.