Bastola ya Shabaha: Ufundi Upo, Biashara Haipo

TUKUYU: Mwenye karakana ya kukereza vyuma wilayani Rungwe anaweza kuvutiwa na biashara ya bastola za shabaha za masafa marefu. Soko lake liko mbali, hasa Marekani. Huko mlengaji hununua bastola ya komeo inayopakiwa risasi moja moja, kama Remington XP-100 iliyoingia sokoni mwaka 1963, kisha fundi humbadilishia mtutu, kitako na kifyatuo vimfae yeye.

Katika mashindano ya chama cha IHMSA, kilichoanzishwa mwaka 1976, sanamu ya chuma ya kondoo dume husimamishwa mita 200. Kwa umbali huo mtutu uliokaa kombo kidogo tu humkosesha mlengaji. Ndiyo maana hulipia zaidi kipimo cha fundi kuliko chuma chenyewe.

Tanzania hesabu ni nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu kutengeneza silaha bila leseni, na anayekiuka hukabiliwa na kifungo. Mtaji wa mashine ya kukereza ni salama zaidi kwenye shafti na bushi za mashine za kusaga nafaka na kusindika chai. Kipimo ni kilekile, na mteja yu hapahapa.