Vamoose: 'Twende' Iliyogeuka 'Toweka'

Je, wajua kuwa Kiingereza kina kitenzi cha kutoweka ambacho asili yake ni mwaliko wa kwenda pamoja? Kitenzi chenyewe ni vamoose, na hutamkwa "vamuus". Hutumika zaidi katika mazungumzo ya kawaida. Mwizi akichomoka kabla polisi hawajafika, hilo ndilo neno lake. Na ukiambiwa "Vamoose!", umefukuzwa: toka hapa upesi, usionekane tena.

Neno hili limetokana na vamos ya Kihispania, yaani "twende". Lilivuka kutoka lugha moja hadi nyingine katika maeneo ya mpakani mwa Marekani na Mexico, kama Texas. Mexico ilipojipatia uhuru kutoka Hispania mwaka 1821, Texas ilikuwa sehemu yake. Miaka hiyo ya 1820 walowezi kutoka Marekani, wakiwemo walioletwa na Stephen F. Austin, walihamia huko na kuwakuta vaquero, wachungaji wa Kimexico waliobobea katika farasi, ng'ombe na kamba. Wageni walijifunza kazi na maneno yake kwa pamoja. Rancho ikawa ranch, lazo ikawa lasso, na vaquero mwenyewe akageuka buckaroo. Kufikia miaka ya 1830 vamos nayo ilikuwa inaandikwa katika Kiingereza, mara vamos, mara vamose, hadi tahajia ya sasa ikashinda.

Mafunzo hayo yalikuwa ya sikio, si ya daftari. Tazama jinsi ng'ombe anavyokamatwa. Mchungaji akishamnasa kwa kitanzi, huizungusha haraka sehemu ya kamba iliyobaki mkononi kwenye pembe iliyochomoza upande wa mbele wa tandiko, ili uzito wa farasi ndio umzuie mnyama. Kwa Kihispania agizo lake ni dale la vuelta, "izungushe". Wageni walidaka mwanzo tu wa agizo hilo wakapata kitenzi dally, ambacho warusha kamba wa rodeo, yaani mashindano ya wachunga ng'ombe, wanakitumia hadi leo.

Vamos ilifanyiwa makubwa zaidi. Katika Kihispania, kiishio -mos kinabeba nafsi ya "sisi", kama tu- inavyoibeba katika "twende". Kiingereza kililichukua neno zima, sisi yake ikiwa ndani, kikalipachika alama yake ya wakati uliopita: he vamoosed. Ni sawa na Mswahili kusema "yule mtu ametwende". Maana nayo ikapinduka. Anayesema vamos yumo safarini pamoja na wenzake. Anayesema vamoose anabaki alipo, anataka wengine wapotee.

Kabla hujawaona walowezi wale kuwa wababaishaji, kumbuka kuwa Kiswahili kimefanya hayohayo. Kibao cha Kiingereza kilichowaagiza madereva wakae kushoto, keep left, kimetupatia kiplefti, jina la mzunguko wa barabara, na wingi wake ni viplefti. Agizo limekuwa nomino, na mwanzo wake umekuwa kiambishi cha ngeli. Mudguard ya gari ilisikika kama madigadi, tukaichukulia kuwa wingi, na fundi akitaka moja anasema digadi. Hata kitabu kina historia hiyo. Katika Kiarabu, k ya kitab ni sehemu ya mzizi na haiguswi. Wingi wake ni kutub. Sisi tuliisikia ki- yetu, tukasema vitabu, na leo hakuna mwalimu anayesahihisha.

Huo ndio utaratibu wa kawaida wa lugha zilizo hai. Neno geni likiingia, wenyeji hawaulizi sarufi ya kule lilikotoka. Hulivisha sarufi yao, na likishazoeleka linakuwa lao. Vamoose ni Kiingereza kamili, kama kitabu kilivyo Kiswahili kamili. Kwa hiyo ukimsikia fundi akisema digadi au kondakta akitaja kiplefti, usimcheke wala usimsahihishe kwa Kiingereza. Anazungumza Kiswahili, tena kwa kufuata kanuni zake.