Vidonge vine, halafu?

Mtoto akishika homa, hapa Kindu ao kule machimboni Kalima na Punia, mama anakimbia farmasi ya karibu na franka alizonazo. "Unipatie vidonge vine tu, tutaangalia." Kesho homa inashuka, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kwa mgonjwa mwingine.

Tunamuelewa. Kabla mzigo wa madini haujalipwa, dozi nzima inatoka wapi? Lakini dawa ya nusu inaua mikrobe dhaifu tu. Zile ngumu zinabaki, zinazaana, na zinaweza kupitishia zingine uwezo wa kuishinda dawa.

Tangu 2007, watafiti wa INRB ya Kinshasa na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, wanaotesha damu ya wagonjwa wa homa kutoka sehemu mbalimbali za Kongo ili kuona mikrobe iliyomo. Wanayokuta sana ni salmonela. Inatoka tumboni inaingia katika damu ya watoto wadogo, zaidi wale malaria imewamaliza damu. Mwaka 2019 walitangaza aina iliyoonekana hapa kwetu, ambayo haisikii ampisilini, kotrimoksazoli, seftriaksoni wala azitromisini. Seftriaksoni ndiyo ile sindano tunayoombaga vidonge vikishindwa!

Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa malaria, homa ikiendelea ao viganja vikiwa vyeupe, apelekwe hospitali siku ile ile. Tubebe na karatasi za dawa zote alizomeza, hata zile za kununua kwa kipande. Dakitari atajua asianzie wapi.