Kijana Asiyekohoa Naye Apimwe

Mtu mzima akigunduliwa kuwa na kifua kikuu, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani ni juu ya mtoto mchanga: analala wapi, nani humbeba, amechanjwa? Swali hilo ni la haki, kwa maana watoto walio chini ya miaka 5 ugonjwa huu huwashambulia upesi na vibaya. Lakini katika nyumba hiyohiyo mara nyingi yumo kijana wa miaka 14 au 16, mcheza mpira, mla chakula kingi, ambaye hakuna amwulizaye neno. Huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia juma hili, na hasa na wazazi wanaokaa Kanombe, mahali ambapo kambi ya jeshi, nyumba za raia, shule na uwanja wa ndege wa Kigali vimekaribiana, na ambapo hospitali ya kijeshi iliyojengwa kwa ajili ya askari na jamaa zao sasa hupokea raia pia.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba kuambukizwa si kuugua. Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alitangaza ugunduzi wake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, huingia mwilini kwa pumzi, na mara nyingi mwili hukizingira kikalala kama kaa chini ya jivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kiasi cha robo ya binadamu wote wamewahi kuambukizwa. Katika kila watu 100 wa namna hiyo, ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao, na wengi wa hao huugua katika miaka miwili ya mwanzo. Aliyeambukizwa bila kuugua hamwambukizi mtu. Nchini Rwanda igituntu, kama wenyeji wanavyouita, kimepungua sana: makadirio ya miaka ya karibuni ni chini ya wagonjwa 60 kwa mwaka katika kila watu 100,000, idadi iliyo ndogo kuliko ya nchi zote jirani. Nadhani upungufu huo wenyewe ndio unaowafanya wazazi wengi wasahau.

Sasa, kwa nini kijana? Madaktari waliona tangu zamani kwamba umri una mchezo wake katika ugonjwa huu. Mtoto mchanga yumo hatarini sana. Kati ya miaka 5 na 10 mwili huuzuia ugonjwa vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Halafu, baada ya miaka 10, hatari hupanda tena kwa ghafula. Sababu moja ni mabadiliko ya mwili wakati wa kubalehe. Nyingine ni maisha yenyewe: kijana ametoka nje ya nyumba, yumo darasani, bwenini, katika basi, katika kwaya au madrasa, na hupumua hewa ya watu wengi ambao mama yake hawajui. Tena kifua kikuu cha kijana si kama cha mtoto mdogo. Hufanana na cha mtu mzima, hutoboa mapafu upande wa juu, na makohozi yake huambukiza. Watafiti wamekadiria kuwa vijana wa miaka 10 hadi 24 wanaougua kila mwaka duniani ni kiasi cha milioni 1.8. Hata hivyo, kwa miaka mingi vitabu vya takwimu viliwagawa wagonjwa mafungu mawili, walio chini ya miaka 15 na waliotimiza miaka hiyo au zaidi, hivi kwamba kijana alikatwa nusu kwa nusu, asionekane huku wala kule.

Tukija kwenye vipimo, watu wengi hudhani ni kimoja. Sivyo. Kuna vipimo vya kujua kama kijana ni mgonjwa leo, na kuna vipimo vya kujua kama ameambukizwa. Vya ugonjwa ndivyo vitanguliavyo daima. Mhudumu wa afya atauliza juu ya kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Jibu la ndiyo kwa mojawapo latosha kumpeleka kijana kwenye picha ya kifua na kipimo cha makohozi. Wala picha isidharauliwe kwa kijana asiyelalamika, kwa kuwa uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi za Afrika na Asia umeonyesha kuwa karibu nusu ya watu wazima waliokutwa na vijidudu hawakuwa wameeleza dalili yoyote. Kijana ana nafuu moja ambayo mdogo wake hana: anaweza kukohoa na kutoa makohozi akiombwa. Mashine ya GeneXpert, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na papo hapo huonyesha kama kijidudu ni sugu kwa dawa ya rifampisini.

Kipimo cha maambukizo kinachojulikana zaidi ni kile cha ngozi. Mwaka 1907 daktari wa watoto mjini Vienna, Clemens von Pirquet, alikuwa akikwaruza ngozi za watoto na kutia maji yaliyotengenezwa kutokana na vijidudu vya kifua kikuu. Mwaka uliofuata Charles Mantoux wa Ufaransa akaonyesha namna ya kuyachoma kwa sindano nyembamba, na njia yake ndiyo inayotumika hadi leo. Tone dogo, sehemu moja ya kumi ya mililita, huingizwa katika ngozi ya mkono upande wa ndani. Baada ya saa 48 hadi 72 kijana hurudi, naye mhudumu hupima uvimbe mgumu, si wekundu, kwa milimita. Mara nyingi uvimbe wa milimita 10 au zaidi huhesabiwa kuwa dalili ya maambukizo. Kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi milimita 5 zinatosha. Asiyerudi katika muda huo amepoteza kipimo chake bure. Basi, kijana apelekwaye Ijumaa, na zahanati ikawa haisomi vipimo Jumapili wala Jumatatu, bora angengoja hadi siku nyingine.

Hapa ndipo husikika maneno ambayo wazazi hujifariji nayo: “Ah, ni ile chanjo yake ya utotoni tu.” Ni kweli kwamba chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921 nchini Ufaransa, inaweza kuvimbisha mkono uliopimwa. Lakini mtoto aliyechanjwa mara baada ya kuzaliwa, akishapita miaka 10, athari hiyo huwa imekaribia kwisha kabisa. Uvimbe mkubwa wa kijana wa miaka 15 ambaye mjomba wake anatibiwa kifua kikuu chumba cha pili usisingiziwe chanjo. Wala kovu la begani si ngao ya maisha: BCG huwakinga watoto wadogo na aina kali za ugonjwa, nayo kinga yake hupungua miaka ikipita.

Kipo pia kipimo cha damu. Damu huchanganywa na protini za kijidudu zisizomo katika BCG, huachwa usiku mmoja katika joto maalumu, kisha hutazamwa kama chembe za kinga zimezitambua. Chanjo haikivurugi, na kijana hana haja ya kurudi ili asomwe mkono. Ubaya wake ni gharama, na kuhitaji maabara yenye vifaa.

Lakini si ngozi wala damu hiyo inayoweza kusema ni kijana gani, kati ya wote walioambukizwa, atakayeugua mwakani. Jambo hilo lilitafutwa nchini Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2007 vijana 6,363 wenye afya, wa miaka 12 hadi 18, waliandikishwa wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Damu ya vijana 46 walioanza kuugua ililinganishwa na ya wenzao 107 waliobaki wazima, na mwaka 2016 watafiti wakaeleza alama ya chembe za urithi 16 iliyoweza kuwatambua theluthi mbili hivi ya watakaougua ndani ya mwaka mmoja. Kazi hiyo ilitia moyo sana. Hata hivyo, mwaka 2021 jaribio lingine la watu wazima, lililotumia alama ya jamii hiyo, lilionyesha kuwa kuwapa dawa za kinga wale waliokutwa na alama hakukupunguza idadi ya walioendelea kuugua. Basi kipimo cha kutabiri bado ni cha watafiti. Kwa mzazi wa Kanombe utabiri ulio bora leo ni kujua kijana analala na nani, anakula na nani, na nani miongoni mwao anakohoa.

Kijana aliyekaa nyumba moja na mgonjwa, akishathibitishwa kuwa yeye mwenyewe si mgonjwa, anaweza kupewa dawa za kinga. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani sasa yanaruhusu hivyo kwa watu wa umri wowote wanaokaa na mgonjwa, si watoto wachanga peke yao, na kukosekana kwa kipimo cha ngozi au cha damu kusiwe kizuizi. Njia mojawapo ni isoniazidi na rifapentini mara moja kwa juma, dozi 12 tu. Mkojo utageuka rangi ya machungwa. Hilo lisimtishe mtu. Macho yakiwa manjano au kijana akitapika mfululizo, dawa zisimamishwe na aonwe na daktari mara moja. Dawa hizi huvunja nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na pombe huongeza hatari kwa ini. Mambo haya mawili vijana huyaficha, kwa hiyo mhudumu aachiwe nafasi ya kusema nao bila mzazi kuwapo.

Baba anaweza kuwa mbali, pengine katika ulinzi wa amani Sudani Kusini au Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mama akabaki peke yake na hesabu ya dozi. Siku moja maalumu, mathalani kila Jumapili baada ya chakula, hurahisisha kazi. Akiwa kijana yuko shule ya bweni, muuguzi wa shule aambiwe kabla muhula haujaanza, kwa faragha, wala si mbele ya darasa.

Siku ya kwenda hospitalini, mzazi achukue kadi ya chanjo na, lililo muhimu zaidi, cheti cha matibabu cha yule mtu mzima anayeugua. Kama kijidudu chake ni sugu kwa dawa za kawaida, dawa za kinga zilizotajwa hapo juu hazitamfaa kijana, na daktari atahitaji kulijua hilo kabla hajaandika chochote.