Flamingo wa 1838 Ukutani: Lipia Karatasi, Si Hadithi

Umeona ile picha ya flamingo mwekundu aliyeinamisha shingo? Muuzaji anasema ni ya zamani kabisa, na anataka nusu ya pesa leo kabla mwingine hajaichukua. Ngoja kidogo.

Ilichorwa na John James Audubon kwa ajili ya The Birds of America, picha 435 zilizotoka kati ya 1827 na 1838. (Na huyo si wa Nakuru, ni flamingo wa Amerika, ndiyo maana amekolea hivyo.) Hakimiliki iliisha kitambo. National Audubon Society imeziweka zote kwenye tovuti yake, unapakua bure. Ukitaka samaki, nyoka au swara, tafuta Biodiversity Heritage Library. Kwa hivyo unacholipia hasa ni karatasi, wino na fremu. Peleka faili kwa wachapaji, River Road wamejaa, uitishe karatasi nzito isiyong'aa.

Muuzaji akisisitiza ni ya enzi hizo, nenda na kioo cha kukuzia. Za Audubon zilipakwa rangi kwa mkono. Ukiona vinukta vidogo vilivyopangwa, hiyo ni kopi ya mashine. Kopi si mbaya, bora iuzwe kwa bei ya kopi.

Lipa ukiwa umeishika mkononi. Weka till namba, soma jina linalotokea, na kama si la duka, usiweke PIN. Pesa ikishatolewa upande ule, hata sisi kukurudishia ni vigumu.