Sufuria Iliyozaliwa Mara Tatu

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo msemaji si mimi. Msemaji ni sufuria.

Mnaijua. Ni ile ya wali, isiyo na mikono, inayoepuliwa kwa kitambaa. Chini ina masizi. Ubavuni imebonyea kidogo, maana iliwahi kuanguka ikiwa tupu. Basi isikilizeni.

“Mnaniona jikoni, mkadhani nilizaliwa jikoni,” inasema sufuria. “Wapi! Kwanza nilikuwa fremu ya dirisha. Nyumba ilipobomolewa, nikayeyushwa, nikawa kipande cha injini ya pikipiki. Pikipiki ilipochoka, nikayeyushwa tena. Leo ni sufuria. Siozi, simaliziki. Niyeyushe, nitarudi.”

“Mjomba, sufuria na dirisha, wapi na wapi?”

Hongera kwa kuuliza! Wako wakubwa wanaoipikia kila siku na hawajawahi kuuliza. Sufuria hii ni ya alumini. Fremu ya dirisha nayo ni alumini. Kichwa cha injini ya pikipiki, alumini vilevile. Alumini ikifikishwa nyuzi 660 za joto huyeyuka, na ukiimwaga kwenye kalibu hushika umbo la kalibu. Kalibu ya dirisha, dirisha. Kalibu ya sufuria, sufuria.

“Na kabla ya dirisha ulikuwa nini?”

“Nilikuwa udongo,” inajibu sufuria. “Udongo mwekundu uitwao boksiti. Nchi ya Guinea, kule Afrika Magharibi, ina akiba kubwa ya boksiti kuliko nchi nyingine yoyote. Walichimba kilo nne au tano za udongo ule ili wapate kilo moja ya mimi.”

Kutoka udongoni si kazi rahisi. Boksiti husafishwa hadi ibaki unga mweupe. Lakini ndani ya unga huo alumini haiko peke yake. Oksijeni imeing'ang'ania, kama mtoto wa chekechea anavyong'ang'ania kanga ya mama yake siku ya kwanza ya shule. Ukimvuta, anakaza. Ukimbembeleza, anakaza zaidi. Ndiyo maana zamani alumini ilikuwa adimu, bei yake ikikaribiana na ya fedha. Mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza mnara wa kumkumbuka George Washington, waliuvika kileleni kipande kidogo cha alumini. Leo alumini iko jikoni kwenu, imejaa masizi!

Waliotegua kitendawili hicho walikuwa vijana wawili. Mmoja, Charles Martin Hall, alifanya majaribio yake katika banda la kuni la nyumbani kwao huko Oberlin, Marekani, akisaidiwa na dada yake Julia aliyekuwa amesoma kemia. Mwingine, Paul Héroult, alikuwa Ufaransa. Hawakujuana. Lakini walipata jibu lilelile mwaka uleule, 1886. Tena wote wawili walizaliwa mwaka 1863, na wote wawili wakafariki mwaka 1914. Mimi nikisoma habari hiyo hushangaa kila mara.

Jibu lao hili hapa. Unga ule huyeyushwa ndani ya chumvi iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 960 hivi. Kisha hupitishwa umeme mkali sana kupitia vipande vikubwa vya kaboni. Oksijeni huachia alumini, lakini huikamata kaboni. Yule mtoto ameachia kanga ya mama, amemshika mkono kaka yake, na wote wawili wametoka nje. Huko nje jina lao ni kaboni dioksidi, hewa ile inayozidisha joto la dunia.

“Umeme mkali kiasi gani, Mjomba?”

Kilo moja ya alumini hula uniti 13 au 14. Ndiyo, uniti zile zile ambazo mama ananunua kwa simu. Muulizeni mama uniti 14 zinakaa siku ngapi nyumbani kwenu, mtapata picha.

Sasa ulizeni swali kubwa: umeme huo umetoka wapi? Ukitoka kwenye makaa ya mawe, kilo moja ya alumini huacha angani karibu kilo 20 za kaboni dioksidi. Ukitoka kwenye maporomoko ya maji, huacha kilo nne hivi. Ziweke mezani kilo hizo mbili uzitazame. Zinang'aa sawa. Uzito mmoja. Jicho halioni tofauti.

Jicho halioni, lakini siku hizi wanunuzi wanauliza. Kampuni za magari zinauliza. Za simu zinauliza. Kuanzia mwaka 2026, Umoja wa Ulaya unahesabu ada ya kaboni kwa alumini inayoingia kutoka nje, na vilevile kwa chuma, saruji na mbolea. Jirani zetu wa Msumbiji wanalijua jambo hili. Kiwanda cha Mozal, karibu na Maputo, kilianza kazi mwaka 2000, na sehemu kubwa ya alumini yake ilikuwa ikiuzwa Ulaya. Hivyo kiwanda kisichojua moshi wake ni kilo ngapi kitapata taabu sokoni.

Kwa hiyo viwanda vinahangaika, na mimi nafurahi kuona vinahangaika. Iceland wanatumia nguvu za maji na mvuke wa ardhini. Dubai, mwaka 2021, walianza kuuza alumini iliyotengenezwa kwa umeme wa jua la jangwani. Na huko Quebec, Canada, tangu mwaka 2018 kampuni mbili kubwa, Alcoa na Rio Tinto, zimeungana kujaribu jambo ambalo Hall na Héroult hawakuliweza: kuondoa kile kipande cha kaboni na kuweka kingine ambacho oksijeni haiwezi kukikamata. Mtoto anatoka nje peke yake, hana wa kumshika mkono. Inayotoka ni oksijeni tupu, tunayoivuta mimi na wewe. Kuihamisha kazi hiyo kutoka kwenye majaribio hadi kwenye viwanda vikubwa si mchezo, lakini wanaendelea.

“Mmenisahau,” inasema sufuria. “Kuna njia fupi kuliko hizo zote. Mtoto akishaachia kanga mara moja, ya nini kuanza kumbembeleza upya? Mimi nimeshatoka udongoni. Niyeyushe, nitarudi.”

Sufuria imesema kweli! Kuyeyusha alumini ya zamani hutumia sehemu 5 tu kati ya 100 za nishati ya kutengeneza mpya kutoka kwenye udongo. Ndiyo maana inakadiriwa kwamba robo tatu ya alumini yote iliyowahi kutengenezwa duniani bado inatumika mpaka leo. Imo madirishani, imo kwenye ndege, imo kwenye nyaya za umeme.

Na nani anaijua njia hii fupi kuliko fundi wetu? Twendeni kwake, lakini simameni mbali.

Amekaa chini ya bati. Pembeni kuna mizani ya skrepa, na skrepa yenyewe: sufuria zilizotoboka, fremu, makopo yaliyopondwa. Ana makasha mawili ya mbao yaliyojaa mchanga laini. Anaulowesha kidogo tu, anaushindilia kwa ngumi kuzunguka sufuria nzima, anafungua kasha, anaitoa sufuria taratibu. Mchangani limebaki tundu lenye umbo lake. Hiyo ndiyo kalibu. Anaenda kwenye tanuri. Anaupasha upawa moto kwanza, maana upawa ukiwa na unyevu, alumini hulipuka na kurukia watu. Anaondoa uchafu ulioelea juu. Kisha anamwaga. Mnasubiri muone wekundu wa moto? Hakuna. Alumini iliyoyeyuka inang'aa nyeupe tu, imetulia, na ndiyo maana ni ya hatari. Baada ya muda mfupi anavunja mchanga. Sufuria imezaliwa.

Nawaheshimu sana mafundi hawa. Wenye viwanda vikubwa leo wanasifiwa wakianza na vitu vikuukuu. Fundi anayesubu sufuria chini ya bati hajawahi kuanza na kitu kingine.

“Basi Mjomba, fundi amewashinda?”

Kwa jambo moja, ndiyo. Kwa jambo jingine, bado, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Skrepa huja imechanganyika. Humo huweza kuwemo risasi, ile metali nzito ya kwenye betri za gari na kwenye solda. Risasi ikiingia tanurini, inaingia kwenye sufuria. Kutoka kwenye sufuria huingia kwenye mchuzi, hasa mchuzi wa nyanya, ndimu au ukwaju uliolazwa humo usiku kucha. Na risasi huharibu ubongo wa watoto. Yaani ninyi. Fundi hakukusudia. Macho yake hayawezi kuiona.

Viwanda vikubwa vina mashine za kupambanua. Vipande vya skrepa hupita juu ya mkanda unaokwenda mbio. Mwanga wa leza huchoma kidoa kidogo sana juu ya kila kipande, na rangi za mwanga unaotoka hapo hutaja ni metali gani iliyomo. Hewa hupulizwa, pff! Hiki huku, hiki kule. Kipo pia kifaa cha kushika mkononi, kinachotumia eksirei. Unakielekeza kwenye metali, na baada ya sekunde chache kinakusomea kilichomo.

“Kwa nini fundi wetu hana?”

Ni ghali mno kwa fundi mmoja. Lakini mizani ya skrepa nayo, je, kila fundi ana yake? Wanatumia moja. Kifaa kimoja kikikaa kwenye chuo cha ufundi, au penye mizani ya mtaa, kingewatosha mafundi wa mtaa mzima. Wakubwa wenye kupanga bajeti, nawaomba mlisikie swali la mtoto huyu.

Sufuria nayo inaomba neno la mwisho. “Betri, solda na redieta za zamani zikae mbali na tanuri,” inasema. “Na mchuzi wa nyanya usilale ndani yangu. Uhamishieni kwenye bakuli.”

Ninyi mnaweza kuanza na mashine ya kupambanua iliyo rahisi kuliko zote: sumaku. Itoeni kwenye spika mbovu. Haitawaonyesha risasi, lakini itatenga chuma na alumini. Igusisheni kwenye msumari, itanata. Igusisheni kwenye sufuria, itateleza. Na kopo la soda je? Na la maziwa ya unga? Jaribuni leo kabla ya chakula cha jioni, mniandikie mlichokiona.